Waswidi, Wanorwe na Wadenmark: huu ni utani, au ni uadui uliovishwa kicheko?

Mtoto wa Jambiani ameuliza:

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi ni mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli moja ya pwani ya kusini mashariki ya Unguja, na kuanzia Disemba mpaka Machi wageni wetu wengi huwa ni watu wa Skandinavia wanaokimbia baridi ya kwao. Juzi niliihudumia meza ya marafiki wanne watu wazima, Waswidi wawili, Mnorwe na Mdenmark, pamoja na mke wa mmoja wao ambaye ni Mwingereza, na kwa ajili yake walikuwa wakizungumza Kiingereza, nami nikawa nasikia kila kilichosemwa.

Mswidi mmoja aliuliza kwa nini Mnorwe akienda dukani huchukua ngazi, akajijibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu ameambiwa bei ziko juu. Mnorwe hakukasirika. Alisubiri nimalize kumwekea samaki wake, kisha akasema kwamba hadithi hiyo anaijua tangu yuko skuli ya msingi, isipokuwa kwao aliyebeba ngazi alikuwa Mswidi. Mdenmark naye akadakia kwamba Mswidi hawezi kupanda ngazi yoyote, kwani huwa ameshalewa tangu yuko kwenye feri. Meza nzima iliangua kicheko, ila yule Mswidi aliyeanza, ambaye aliendelea kula na uso mkavu kana kwamba hakusema lolote.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, je, hawa ni watani kwa maana tunayoijua sisi, au kuna kinyongo cha zamani kinachosemwa kwa njia ya kicheko? Pili, ucheshi wa Waswidi wenyewe ukoje? Nauliza hili kwa sababu ya kazi yangu: Mswidi yule yule aliniambia asubuhi yake, bila ya kutabasamu hata kidogo, kwamba bahari yetu ina joto kupita kiasi na angependa meneja alishughulikie jambo hilo, nami nikabaki nimeshika sinia, nisijue nicheke au nimwite meneja.

Maalim wa Chake amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza swali zuri, na jibu lake linahitaji turudi nyuma kidogo, kwa sababu majirani hawa walipigana sana kabla ya kuanza kutaniana.

Mwaka 1397 falme za Denmark, Norwe na Uswidi ziliunganishwa chini ya taji moja katika kile kinachoitwa Muungano wa Kalmar, na mwenye nguvu ndani ya muungano huo alikuwa Denmark. Novemba 1520 Mfalme Kristian II wa Denmark alitawazwa mjini Stockholm, na siku chache baada ya sherehe hizo, wageni wakiwa bado wamo mjini, akawakata vichwa maaskofu, mamwinyi na raia mashuhuri wa Uswidi wasiopungua 80. Kutokana na damu hiyo yakazuka maasi ya Gustav Vasa, ambaye mwaka 1523 alichaguliwa kuwa mfalme, na Uswidi ikatoka katika muungano moja kwa moja. Waswidi nao hawakukaa wakilia, kwani majira ya baridi ya mwaka 1658 Mfalme Karl X Gustav alilivusha jeshi lake juu ya bahari iliyoganda baina ya visiwa vya Denmark, jambo ambalo mtu wa Pemba akisimuliwa hulazimika kusimuliwa mara ya pili, na katika mapatano yaliyofuata Denmark ikapokonywa mikoa ya Skåne, Halland na Blekinge. Mpaka leo watu wa Skåne husema Kiswidi chenye matamshi yanayoelekea Denmark, na wenzao wa Stockholm huwafanyia masihara kwa sababu hiyo, sawa na mtu wa mjini Unguja anavyoyasikiliza matamshi ya Makunduchi au ya Micheweni.

Kisha ikaja zamu ya Norwe. Mwaka 1814, baada ya kushindwa pamoja na Napoleon wa Ufaransa, Denmark ililazimishwa kuikabidhi Norwe kwa mfalme wa Uswidi. Wanorwe walikataa, wakajiandikia katiba yao tarehe 17 Mei mwaka huo huo, na vikapiganwa vita vya wiki chache ambavyo ndivyo vita vya mwisho ambavyo Uswidi ilipigana na jirani yake yeyote. Wakaishi chini ya mfalme mmoja mpaka 1905. Mwaka huo wananchi wa Norwe waliulizwa kwa kura kama wanataka kuachana na Uswidi, na waliosema ndiyo walikuwa 368,208, waliosema hapana 184. Hao 184 nadhani hawakualikwa harusini kwa muda mrefu. (Ni mwaka ule ule ambao hapa Unguja ilianzishwa Nadi Ikhwan Safaa, kwa hiyo wapenzi wa taarabu hawana sababu ya kuusahau.) Baadaye wakatafuta mfalme wao wenyewe, wakamchukua mwanamfalme kutoka Denmark, ili Waswidi wazidi kufurahi.

Nimeyataja haya ili uone kwamba kila mmoja katika meza ile aliwahi kuwa juu ya mwenzake au chini yake, na kwamba ugomvi wa mwisho, ule wa 1905, ulimalizika kwa makubaliano bila ya kumwaga damu. Jambo hilo la pili ndilo lililoufungulia mlango utani, kwa maoni yangu. Hadithi za Waswidi kuhusu ujinga wa Wanorwe, na za Wanorwe kuhusu ujinga wa Waswidi, zilivuma sana katika miaka ya 1970, yaani baada ya watu wote waliokumbuka mvutano wa 1905 kuwa wazee au kuwa wameshatangulia mbele ya haki. Tena ni hadithi zile zile. Ngazi ya dukani inabebwa na Mnorwe ukiwa Göteborg, na ukivuka mpaka inabebwa na Mswidi. Mwanasosholojia wa Uingereza Christie Davies, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mizaha ya namna hii, alionyesha kwamba watu hawasimulii hadithi za ujinga kuhusu wageni wa mbali wasiofanana nao, bali kuhusu jirani anayefanana nao mno na ambaye wao humwona yuko pembezoni: Mwingereza humsimulia Mwairishi, Mfaransa humsimulia Mbelgiji.

Kuna jambo moja la fedha ambalo lisisahauliwe. Kwa miaka mingi Uswidi ilikuwa ndugu mkubwa mwenye viwanda, na Norwe ilikuwa nchi ya wavuvi na wakulima wa milimani. Mwishoni mwa mwaka 1969 yakathibitika mafuta katika Bahari ya Kaskazini, katika eneo liitwalo Ekofisk, na mizani ikaanza kupinduka. Mwaka 1978 serikali mbili hizo zilitia saini makubaliano ya kuipa Norwe asilimia 40 ya kampuni ya Volvo, na Uswidi kwa upande wake ipate nafasi katika mafuta ya Norwe. Wenye hisa wa Kiswidi wakapinga, na mwanzoni mwa 1979 mpango ukavunjika. Mpaka leo Mnorwe akitaka kumchoma Mswidi kwa adabu humkumbusha mkataba ule, na Mswidi mwenye akili hubadilisha mazungumzo. Sasa vijana wa Kiswidi huenda Oslo kutafuta kazi za mikahawani na madukani kwa sababu mishahara ni mikubwa zaidi, na Wanorwe huvuka mpaka kwenda Strömstad kununua nyama na peremende kwa sababu bei ni nafuu, na kila upande unaamini kwamba unaochekwa ni ule mwingine.

Baharia wa Malindi amejibu:

Maalim ameeleza ya wafalme, nami nitaongeza ya bandarini, kwa sababu nilifanya kazi katika meli za mizigo zilizokuwa zikiingia Göteborg na Copenhagen, na mabaharia hawangoji kujua historia ndipo wataniane.

Lile neno la Mdenmark kuhusu ulevi wa feri halikuzuka hewani. Baina ya Helsingør ya Denmark na Helsingborg ya Uswidi pana mlango wa bahari usiofika kilomita 5, unauona upande wa pili kama vile uko Mkokotoni unaiangalia Tumbatu. Uswidi kwa miaka mingi pombe kali ya dukani imekuwa ikiuzwa na maduka ya serikali peke yake, yaitwayo Systembolaget, yenye bei kubwa na saa maalumu za kufungua. Kabla ya mwaka 1955 kila mnunuzi alikuwa na daftari lililoandikwa kiasi alichochukua. Denmark hakuna masharti hayo. Basi Waswidi walikuwa wakivuka kwa makundi, na kurudi kwao kulikuwa kazi ya watu wengine. Ndipo Wadenmark wakawa na msemo wao mashuhuri wa kuhimiza usafi wa nchi: iweke Denmark safi, msindikize Mswidi mpaka kwenye feri. Sisi Waislamu tuliokuwa tukivuka pamoja nao tulikuwa ndio watu pekee tunaokumbuka safari ilivyokuwa.

Hadithi inayopendwa zaidi na mabaharia ni ya nyambizi. Utaizamishaje nyambizi ya Wanorwe? Unapiga mbizi mpaka chini, unabisha hodi, nao watakufungulia mlango. Na ukitaka kuizamisha mara ya pili? Unabisha hodi tena, na safari hii watafungua dirisha na kukwambia kwamba hawadanganyiki mara mbili. Bila shaka nimeisikia pia kwa Mnorwe, nyambizi ikiwa ya Waswidi.

Lakini utani ulio mkubwa kuliko yote niliousikia huko ni wa Wafini, na huu ni wa kweli. Uswidi ina merikebu ya kivita iitwayo Vasa, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, yenye mizinga 64 na sanamu za kuchonga kila mahali, nyembamba kwa chini na nzito kwa juu. Tarehe 10 Agosti 1628 ilifungua matanga kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Stockholm waliojipanga ufukweni, ikaenda kiasi cha mita 1,300, ukavuma upepo mdogo ambao mtoto wa Nungwi asingeukunjia tanga, ikalala ubavu, maji yakaingia katika matundu ya mizinga, ikazama papo hapo. Baraza likaundwa kuchunguza, wakahojiwa manahodha na mafundi, na hakuna aliyepatikana na hatia. Ikakaa chini ya bahari miaka 333, na Aprili 1961 Waswidi wakaipandisha juu kwa ufundi mkubwa na dunia nzima ikitazama.

Walipoanza kuisafisha sitaha, wakakuta katika matope kijisanamu cha mtu anayekimbia. Hakikuwa cha mwaka 1628. Kilikuwa mfano wa sanamu ya Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Ufini, mwenye medali 9 za dhahabu za Olimpiki, na waliokiweka ni wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Helsinki, waliokipenyeza chini ya maji kabla ya merikebu kuinuliwa.

Ili ujue ukali wa kijisanamu hicho, lazima ujue kwamba mwaka 1932 Nurmi alizuiwa kukimbia katika Olimpiki ya Los Angeles kwa tuhuma za kupokea fedha, wakati ule wanariadha wakitakiwa kuwa wa ridhaa tu, na rais wa shirikisho la riadha la dunia lililomzuia alikuwa Mswidi, Sigfrid Edström. Wafini walihamaki mpaka wakayasimamisha kwa miaka kadhaa mashindano ya riadha baina ya nchi hizo mbili, ambayo yalikuwa yameanza mwaka 1925. Sasa fikiri: miaka 29 baadaye, katika siku ambayo Uswidi inaionyesha dunia fahari yake ya kale, wa kwanza kuonekana juu ya sitaha ni Nurmi. Hakutukanwa mtu, hakikuvunjwa kitu, na ujumbe ulifika.

Binti wa Shangani amejibu:

Baharia amenifurahisha. Mimi nitajibu swali la pili, kuhusu ucheshi wa Waswidi wenyewe, kwa sababu nilisoma katika mji wa Lund, ambao uko huko huko Skåne alikokutaja Maalim.

Kwanza ndugu yangu wa Jambiani, yule mgeni alikuwa anakutania, na kwa Mswidi huo ni upendo. Ucheshi wao mwingi ni mkavu: jambo lisilowezekana husemwa kwa sauti ya karani anayesoma taarifa, na anayesema akicheka kwanza, ameuharibu. Mfano ulio bora ni wa mchekeshaji Tage Danielsson. Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Harrisburg huko Marekani kilipata ajali, na mwaka uliofuata Waswidi walikuwa wanapiga kura kuhusu vinu vyao. Danielsson akasimama jukwaani na kueleza, kwa utulivu wa mtaalamu wa hesabu, kwamba kabla ya ajali uwezekano wa ajali hiyo kutokea ulikuwa mdogo mno, lakini mara tu ilipotokea uwezekano wake ukapanda mpaka kufikia si chini ya asilimia 100, hivyo kwamba ikawa karibu ni kweli kuwa imetokea. Wataalamu wote waliokuwa wakiwatuliza wananchi kwa takwimu walijikuta wamevuliwa nguo, na hapakuwa na sentensi moja ya kumshitakia.

Wanafunzi wa Lund wana michezo ya jukwaani ya kuchekesha, yenye wafalme na mashujaa wa historia, ambayo uzuri wake uko kwa watazamaji. Mwigizaji akisema kitu kikapendeza, ukumbi humpigia kelele arudie, naye ni wajibu wake arudie mara moja, lakini kwa njia nyingine, na akiwa hodari ataombwa tena na tena. Nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka namna hadhira yetu ya taarabu inavyosimama kumtunza mwimbaji ili ubeti wenye kijembe urudiwe, huku kila mmoja akijua umemlenga nani.

Jambo jingine lililonistaajabisha ni kwamba watoto wa Kiswidi wana Abunuwasi wao. Jina lake ni Bellman. Katika hadithi zao kila mara huwa kuna Mdenmark, Mnorwe na Bellman, au Mjerumani na Mrusi, kutegemea msimulizi. Wanawekeana dau nani ataweza kukaa muda mrefu zaidi katika banda la beberu anayenuka. Mdenmark anaingia, baada ya dakika chache anatoka mbio ameshika pua. Mnorwe anaingia, naye anatoka. Bellman anaingia, muda unapita, na mlango ukifunguliwa anayetoka mbio ni beberu. Tazama kwamba Mswidi hapa ameshinda kwa kunuka kuliko mnyama, na ndivyo wapendavyo: hata wakijipa ushindi hujipaka masizi kidogo. Na Carl Michael Bellman alikuwa mtu kweli, mshairi na mwimbaji wa Stockholm aliyezaliwa 1740 na kufa 1795, aliyependwa na Mfalme Gustav III. Abu Nuwas naye alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Washairi wawili wa barazani kwa wafalme, mmoja wa Baghdad na mmoja wa kaskazini kabisa, wote wamesahauliwa beti zao na watoto na kubakishiwa ujanja tu. Sijui kama wangefurahi.

Kuhusu majirani, chokochoko nyingine husababishwa na fanicha. Kampuni ya IKEA, ambayo asili yake ni Uswidi, huzipa bidhaa zake majina badala ya namba, na kwa desturi yao vitanda hupewa majina ya miji ya Norwe, meza za chakula majina ya Ufini, sofa majina ya Uswidi, na mazulia majina ya Denmark. Mwaka 2008 magazeti ya Denmark yaligundua, au yalijifanya kugundua, kwamba miji yao ndiyo inayokanyagwa na kufutiwa viatu. Mjadala ukaenda mpaka nje ya nchi, na nusu ya waliochangia walikuwa wanatania na nusu wamekasirika kikweli, bila ya kujuana.

Basi mgeni wako akirudia habari ya bahari, usimwombe radhi na usicheke. Mjibu kwa uso kama wake kwamba meneja ameshaarifiwa na bahari itapoozwa siku ya Alkhamisi, na hadi hapo anaombwa avumilie. Utaona bakshishi yake.

Mtu wa Wete amejibu:

Nimewasoma wote kwa makini na nina shaka. Mnaliita jambo hili utani, lakini utani kwa maana yetu ni haki na wajibu pia. Wale Wanyamwezi waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya karafuu walikuwa na watani wao kutoka makabila mengine ya bara, na mtani alikuwa na kazi msibani: alichimba kaburi, aliosha vyombo, alimkejeli maiti mbele ya wafiwa na hakuna aliyethubutu kumkemea. Watu wa Makunduchi nao, ikifika Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, hupigana kwa vishina vya migomba pande mbili, huku wanawake wakizunguka wakiimba maneno ambayo siku nyingine yangepeleka watu kwa sheha, na jioni wote hula pamoja. Hayo yana mpaka na yana saa yake. Mswidi anayesema Mnorwe ni mjinga hana wajibu wowote kwa Mnorwe huyo.

Pia mmewataja Wafini kwa furaha tu. Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi kwa karne nyingi, mpaka 1809 ilipochukuliwa na Urusi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wafini kwa malaki walihamia Uswidi kufanya kazi viwandani, khasa mwishoni mwa miaka ya 1960, na walichokutana nacho kwa majirani hakikuwa cha kuchekesha. Waliitwa majina ya matusi, walidhaniwa wote ni walevi na wapiga visu, na watoto wao walikatazwa kusema Kifini skuli. Hadithi za kuwacheka zilisimuliwa na mwenye nyumba kumhusu mpangaji. Nasi tunalijua hilo. Masihara ya Mpemba na duka lake huchekesha anapoyasimulia Mpemba, au rafiki yake aliyekaa naye kibarazani. Yakisimuliwa na mtu mwingine, katika mwaka fulani wa siasa, hayachekeshi.

Maalim wa Chake amejibu:

Mtu wa Wete amenena, na sitampinga kuhusu wahamiaji. Nitasema tu kwamba wajibu upo, ila umeandikwa serikalini badala ya msibani. Tangu miaka ya 1950 raia wa nchi hizo huvuka mipaka bila ya pasi na kufanya kazi popote miongoni mwao bila ya kibali, na tangu mwaka 2000 kuna daraja baina ya Copenhagen na Malmö ambalo maelfu hulivuka kwenda kazini na kurudi. Mtu asiyeweza kufukuzwa na mwenzake ana nafasi kubwa ya kumtania.

Mtoto wa Jambiani ameandika:

Ahsanteni sana wazee wangu na dada yangu. Jana Mnorwe alinisimulia kisa cha mwenzao mmoja aliyesimama kabla ya kumaliza mbio, na nikaona anapokisimulia hutazama upande wa Waswidi. Kuna anayekijua? Sikuelewa kwa nini mtu asimame.

Baharia wa Malindi amejibu:

Huyo ni Petter Northug. Mwaka 2011 mashindano ya dunia ya mbio za kuteleza juu ya theluji yalifanyika Oslo kwenyewe, katika kilima cha Holmenkollen, na katika mbio za kupokezana za watu wanne, kila mmoja kilomita 10, mkimbiaji wa mwisho wa Norwe alikuwa yeye na wa Uswidi alikuwa Marcus Hellner. Northug akampita mwishoni, akafika mbele ya mstari wa kumalizia, na badala ya kuuvuka akasimama. Akageuka, akamtazama Mswidi anayekuja akihema, kisha akauvuka mstari kwa upande, taratibu, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Waswidi wapo waliokasirika sana. Lakini baadaye waliendelea kuja viwanjani kumzomea, na mtu huzomewa hivyo akiwa ana thamani.

Mtu wa Wete amejibu:

Kwa kuwa tumefika katika michezo, nitataja jambo moja linalowaunga mkono nyinyi, ingawa nimeanza kwa kuwapinga. Mwaka 1995 mashindano ya dunia ya mpira wa magongo wa barafuni yalikuwa Stockholm. Waswidi walikuwa wameshatunga wimbo wa kuishangilia timu yao kabla ya fainali. Fainali ikawa baina yao na Wafini, na Wafini wakashinda 4–1, ubingwa wao wa kwanza wa dunia, wakiwa wamefundishwa na Mswidi, Curt Lindström. Walipokwenda kusherehekea mjini Helsinki wakauchukua ule wimbo wa wenyeji wakaufanya wao, wala hawakuutafsiri. Mpaka sasa Ufini ikishinda kikombe, utawasikia watu ambao wazee wao walikatazwa Kifini skuli wakiimba wimbo wa Waswidi kwa Kiswidi, na kwa makusudi kabisa.